Mwanangu, Silanti Ni Kazi ya Mkono

Kibiti ni wilaya ya watu wanaopita. Mabasi ya Lindi na Mtwara yanapita, malori ya saruji yanapita, washua wa kwenda Mafia wanakata kushoto pale Bungu kuifuata bandari ya Nyamisati, na Land Cruiser za watalii zikifika Kibiti mjini zinakata kulia kwenda Mloka, kwenye geti la Hifadhi ya Nyerere. Kila chuma kinachosimama hapa kina vumbi, na kila mwenye chuma ana haraka. Akishuka kupiga supu, msela wa ndoo na sponji ameshatia timu: "Bosi, tuipige maji?"

Zamani mchezo uliishia hapo. Maji, sabuni ya unga, tairi zinapakwa dawa ya kung'arisha, buku kadhaa, kwaheri. Siku hizi kijiweni kimeingia kitu kinaitwa silanti, na wana wanabishana mpaka chai inapoa. Huyu anasema bila mashine hujapaka kitu. Yule anasema mashine ni mbwembwe za Dar, mkono ndio mpango mzima.

Mimi sizungushi: silanti inapakwa kwa mkono. Mashine ina kazi yake, na inaifanya kinoma, ila kazi yenyewe siyo hiyo. Anayekutoza cha juu eti "silanti tumeipiga kwa mashine", hapo aliyepigwa ni wewe.

Kwanza tuelewane

Rangi ya ndinga ya kisasa ni tabaka juu ya tabaka. Chini bati, juu yake praima, halafu rangi yenyewe, na juu kabisa klia, ile vanishi isiyo na rangi inayoleta mng'ao. Kwa gari nyingi klia ya kiwandani ina maikroni 40 mpaka 50 hivi, na ujue maikroni 1,000 ndiyo milimita 1. Akiba yako yote ni hiyo. Ikiisha, safari ni moja tu: gereji ya rangi, na mkwanja wa maana.

Silanti inakaa juu ya klia. Ni polima iliyotengenezwa kiwandani, ya majimaji au ya krimu. Ukiipaka inashika, inakauka, inabaki utando mwembamba ambao jicho halioni. Maji yakimwagika juu yake yanajikusanya matone, yanateleza, yanasepa. Tope linakosa pa kung'ang'ania. Jua na chumvi vinaanza kuila silanti kabla ya kuigusa klia. Waksi, ambayo ndiyo ya kitambo zaidi, inatoka kwenye majani ya karnauba, mti wa jamii ya michikichi unaoota Brazili. Waksi inapendeza, hasa kwenye gari jeusi, lakini kwa jua la huku wiki chache tu imekata moto. Silanti nzuri inakwenda miezi 4, hata 6 ukiitunza. Seramiki, ulinzi mwingine wa kupaka juu ya klia, inakwenda miaka, ila bei yake na umakini inaoutaka ni ligi nyingine.

Kariri hili: silanti inalinda, haitengenezi. Mkwaruzo uliokuwepo asubuhi utakuwepo na jioni, tena unang'aa. Ubishi wote wa mashine na mkono unazaliwa hapo, kwa sababu wengi wanachanganya kutengeneza na kulinda.

Kibiti haina huruma na rangi

Mtu wa Masaki anaweza kuchukulia poa mambo haya, gari linalala kwenye gereji na mchana liko chini ya jengo la ofisi. Huku ni vita.

Jua ni kila siku. Chumvi je? Gari linaachwa Nyamisati mwenyewe akivuka kwenda Kilindoni kule Mafia, upepo wa bahari unalipuliza mchana na usiku. Akirudi anakuta ukungu mweupe kwenye vioo, na huo huo uko kwenye boneti, kwenye bawaba za milango, kwenye vitasa. Pikapu za kamba na samaki zina msala mkubwa zaidi: barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanatiririka mpaka kwenye mlango wa nyuma, na kutu inaanzia pale pale kwenye kona ambako klia ilishabanduka.

Halafu korosho. Msimu ukifika kila mtu anataka kivuli cha mkorosho, na mkorosho hautoi kivuli cha bure. Bibo lililoiva likidondoka kwenye paa linapasuka, na maji yake ni yale yale ambayo maza akiyapata kwenye kanga anajua kanga imekwenda. Yaache yakaukie kwenye klia siku nzima uone doa litakalobaki. Ukihamia chini ya mwembe unakutana na utomvu, mavi ya ndege, na usiku popo wanamalizia.

Barabara ya Mloka ina vumbi laini linaloingia kila tundu, na vichaka vyake vinachora ubavu wa gari bila kuomba radhi. Barabara kuu nayo ina vituko vyake. Mvua za 2024 na Kimbunga Hidaya cha mwezi Mei mwaka ule ziliikata njia ya Lindi, na kila barabara inapokarabatiwa vitone vya lami vinarukia milango ya chini. Lami hiyo haitoki kwa maji hata umwage mto mzima.

Na kwa habari ya mto: kuna masela wanaingiza boda na gari mpaka kwenye maji ya Rufiji ili kuosha. Acheni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka kwenye ukingo, na shughuli za kuchafua hazitakiwi humo. Tena maji yale yana mchanga laini unaokwangua klia, na yana mamba. Faini utalipa, rangi utapaka upya, mguu utaupata wapi?

Mkono unavyofanya kazi

Kazi ya silanti, sehemu kubwa si silanti. Ni maandalizi. Ukimwona mtu anafungua chupa dakika 10 baada ya gari kufika, kimbia.

Anza na ndoo mbili. Moja ya maji ya sabuni, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia sponji. Ukitumia ndoo moja, mchanga uliotoka kwenye bampa unaurudisha kwenye boneti, na kila unapofuta unaongeza mikwaruzo ya duara inayoonekana kama utando wa buibui jua likipiga. Osha kuanzia juu kwenda chini, rimu na matairi yawe na sponji yake. Sabuni iwe ya kuoshea gari. Ile ya unga ya kufulia ni kali, inang'oa ulinzi wowote uliokuwepo. Kabla ya silanti mpya si mbaya sana, ila ukiitumia kila wiki unaikata silanti uliyolipia.

Lami itoe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, palepale penye doa tu, kisha osha tena kwa sabuni. Doa la mabibo au la ndege lililowishe kwa kitambaa chenye maji mpaka lilainike. Ukilikwangua kavu umeikwangua na klia.

Sasa jaribio la kijiweni ambalo nalipenda kuliko yote. Chukua nailoni laini ya mkate (mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku Juni 2019, lakini nailoni ya mkate ipo), ivae kwenye vidole, kisha pitisha mkono taratibu kwenye boneti iliyooshwa na kukaushwa. Kwa vidole vitupu ulikuwa unaona iko laini. Ukivaa nailoni unasikia chenga chenga, kila punje inakusalimia. Ni mabaki ya lami, vumbi la chuma kutoka kwenye breki, utomvu uliokauka. Silanti ukiipaka juu ya chenga hizo umezifungia ndani. Dawa yake ni udongo maalumu wa kusafishia rangi, wana wanauita klei. Unalainisha boneti kwa maji ya sabuni, unatelezesha kipande cha klei bila kukandamiza, unakikunja kila kinapochafuka. Kikidondoka chini, kitupe. Usikiokote kwa huruma, kimeshabeba mchanga.

Kausha. Pangusa kwa spiriti iliyochanganywa na maji ili kuondoa mafuta yote. Hapo ndipo unaruhusiwa kushika chupa.

Kiganja ndicho kipimajoto chako: kiweke juu ya boneti, ukishindwa kukiacha hapo umetulia, bati bado lina moto, subiri. Silanti ikipakwa kwenye bati la moto inakauka kabla haijasambaa, inaacha mabaka. Fanya kazi asubuhi umande ukishakauka, au jioni, chini ya banda la makuti au turubai. Kivuli cha mti sahau, nimeshakwambia mti unadondosha nini.

Matone machache kwenye sponji laini, kipande kimoja cha gari kwa wakati: boneti nusu, halafu nusu nyingine, kisha mlango, kisha mlango. Vuta kwa mistari ya kunyooka, mara ya kwanza kwa urefu, ya pili kwa upana. Nyembamba, mwanangu, nyembamba. Silanti nyingi haiongezi ulinzi, inaongeza jasho la kuifuta. Kwa IST nzima, ukimaliza robo ya chupa umebugi.

Iache ikae kadiri chupa inavyosema, nyingi ni dakika 15 mpaka 30. Pitisha kidole kimoja: kikiacha njia safi inayong'aa, tayari. Kikiburuta uji, subiri. Futa kwa kitambaa safi cha maikrofaiba, kigeuze, futa tena kwa upande mkavu. Halafu gari lisiguse maji kwa saa 12, hata 24 ikiwezekana, kwa hiyo msimu wa masika angalia mawingu kabla ya kumwahidi mteja. Akitaka tabaka la pili, arudi kesho.

Na mashine je?

Mashine za polishi ziko aina mbili zinazokutana na sisi. Ya kwanza inazungusha pedi kwa mhimili mmoja, ndiyo ya mafundi rangi wa gereji. Ina nguvu, inakata haraka, na ukizubaa kwenye ukingo wa mlango au mgongo wa boneti inapasha joto klia mpaka inaungua. Ya pili pedi inazunguka huku inayumba, na ukikandamiza sana inasimama yenyewe. Hiyo ni rafiki wa anayejifunza.

Zote mbili zilizaliwa kwa ajili ya kompaundi na polishi, dawa zenye chembe za kusaga. Zinasaga klia kidogo sana, zinasawazisha kingo za mkwaruzo, ule utando wa buibui unapotea. Kwa kazi hiyo mkono hauna ubavu. Ukitaka kuiondoa mikwaruzo ya duara kwenye Crown nyeusi kwa kitambaa na kiganja, utaota misuli na mikwaruzo itakuwepo.

Lakini silanti haina chembe za kusaga. Haisukumwi ndani ya klia, maana haiingii ndani, inakaa juu. Haihitaji joto la mashine wala nguvu. Inahitaji sehemu safi na utando uliosambaa sawasawa, na sponji ya mkononi inaweza. Ukweli wa mashine uko kwenye uchovu tu: ukipewa Coaster nzima au Hiace ya paa refu, mashine ya kuyumba yenye pedi laini kabisa, spidi ya chini, bila kukandamiza, inasambaza vizuri na bega lako linapona. Hata hivyo vitasa, vioo vya pembeni, kona za bampa na pembeni mwa taa utarudi kwa kidole. Na pedi inakunywa dawa ambayo ingetosha milango miwili.

Kinachonitisha ni kitu cha tatu: grainda. Ile ile ya fundi welda, imefungwa kipande cha sponji, msela anaita mashine ya polishi. Grainda ndogo ikiachiwa inazunguka mara 11,000 hivi kwa dakika. Mashine halali ya kuzunguka inaanzia kama 600 na kuishia kama 3,000. Hesabu hiyo haitaki shule. Nukta chache kwenye kona na klia imeungua, imeacha doa jeupe ambalo hakuna silanti duniani itakayolificha. Mtu akikusogelea na grainda, funga mlango wa gari, washa, ondoka.

Na gari lililotoka kupakwa rangi upya gereji liache lipumue kwanza. Kemikali za rangi bado zinatoka. Muulize fundi rangi yake inataka muda gani, kwa kawaida ni mwezi mmoja mpaka miwili, ndipo ufunge na silanti. Kukiwa na mpango wa kupaka rangi, usipake silanti kabla: mabaki yake yakibaki kwenye bati rangi mpya inakataa kushika, inaacha vitundu.

Delta walishamaliza ubishi huu

Ukiona naipigia debe mikono, teremka delta ya Rufiji. Kule Salale, Mbwera, Kiongoroni, katikati ya mikoko, ndinga ya mtu ni mtumbwi, dau, mashua. Hakuna soketi ufukweni, na vyombo vya mbao vimedumu kwenye chumvi hiyo hiyo vizazi na vizazi.

Mafundi wanafanyaje? Chombo kinapandishwa nchi kavu maji yakitoka. Kinakwanguliwa magamba na uchafu wote. Kinachomwa kwa makuti makavu yaliyowashwa chini yake, moto wa kupita tu, kuua wadudu wanaotoboa mbao na kuzikausha. Nafasi kati ya mbao zinashindiliwa pamba yenye mafuta, hiyo ndiyo kalafati. Halafu ndipo wanapaka: sifa, yaani mafuta ya ini la papa, kwa mbao za juu, na deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama, kwa sehemu inayokaa majini. Vyote kwa mkono, mkono mtupu mara nyingi. Na wakati ukifika kinapandishwa tena na kazi inaanza upya, kwa sababu hakuna dawa ya kupaka mara moja ukasahau.

Angalia mpangilio: kwangua, kausha, ziba, ndipo paka. Hakuna mzee wa delta atakayepaka deheni juu ya magamba. Babu akimwona kijana anamwaga silanti kwenye gari lenye vumbi atacheka mpaka akae chini.

Mchongo uko hapa

Sasa kwa masela wanaotafuta pa kutokea. Kazi hii ina hela Kibiti kwa sababu magari yapo na wenye kujua ni wachache. Huhitaji kukopa kununua mashine. Ndoo mbili, sponji kadhaa, klei, spiriti, rundo la vitambaa vya maikrofaiba na chupa moja ya silanti ya kueleweka, safari moja ya Kariakoo inamaliza. Fungua chupa unuse kabla hujalipa: ikinuka mafuta ya taa tupu, mwachie mwenyewe. Nyingi za hivyo zinateleza siku mbili, ukiosha tu zimesepa.

Mteja mkubwa umheshimu kwa ukweli. Mazungumzo yaende hivi:

"Shikamoo mzee. Gari zuri, ila ubavuni kuna mikwaruzo ya vichaka."

"Marahaba kijana. Mkipaka hiyo dawa yenu itatoka?"

"Haitoki mzee. Dawa inalinda tu. Hiyo mikwaruzo inataka mashine ya polishi na siku nzima. Leo naweza kuosha, kutoa lami, kupaka silanti. Ikae miezi kadhaa."

"Na ukinipakia kwa mashine?"

"Mzee, hela yako hiyo nunulia korosho."

Huyo mzee atarudi, na atakuja na mashemeji. Ukimdanganya ataiona mikwaruzo akifika Somanga, na Kibiti mji ni mdogo, habari inafika stendi kabla yako.

Wa bodaboda nao msiwasahau. Tangi la Boxer linasuguliwa na magoti kutwa nzima, petroli inamwagikia mdomoni mwa tangi, jua linapausha rangi nyekundu ikawa ya pinki. Silanti kidogo kwenye tangi na madigadi ni kazi ya muda mfupi. Boda wako wengi kuliko magari, na boda akipendeza anaongea kijiwe kizima.

Kwa hiyo ubishi tuufunge. Rangi imechubuka: mashine, polishi, na mtu aliyejifunza kuishika. Rangi iko salama unataka ibaki hivyo: maji safi, klei, kivuli, sponji na mkono wako. Kama una hela ya kununua kitu kimoja tu wiki hii, usinunue mashine wala silanti. Nunua ndoo ya pili.